Azimio la Kazi la Misimu: Nguvu ya Kubuni Hairudi kwa Kusubiriwa

Ikifika Juni, joto la Dar likianza kulegea na upepo wa kusi ukipita dirishani usiku, wenzangu wanaofanya kazi za kujitegemea husema maneno yaleyale: "Sasa hivi akili imerudi." Mchora mabango anamaliza kwa siku moja kazi iliyokuwa inamchukua wiki. Anayehariri video anakumbuka wazo alilolitupa Februari. Mimi natafsiri Kiingereza kwenda Kiswahili na kuandika maandishi ya chini ya video, na daftari langu la kazi la miaka miwili linaonyesha jambo hilohilo. Kurasa za Juni na Julai zimejaa. Za Februari na Machi zina mistari michache, tena mingine imekatwa.

Wengi tunalichukulia hili kama bahati, yaani nguvu ya kubuni inaondoka ikitaka na inarudi ikitaka. Nataka kueleza kwamba sivyo. Inaondoka kwa sababu zinazojulikana na inarudi kwa sababu zinazojulikana, na ukizifahamu unaweza kuupanga mwaka wako wa kazi mapema. Kwetu jambo hili si la starehe. Wenye nyumba wengi mjini wanataka kodi ya geto ya miezi mitatu au sita kwa mkupuo. Boom ikichelewa, mchongo ndio unaonunua chakula, bando na kulipia fotokopi. Akili ikigoma Februari, kodi ya Machi haigomi.

Misimu yetu si ya kwao

Ushauri mwingi unaosomwa na vijana kuhusu ubunifu na misimu umeandikwa kwa ajili ya watu wa Ulaya na Marekani. Unasema: subiri majira ya kuchipua, mwanga ukirudi na wewe utarudi. Kwao una mantiki. London mwezi Juni jua hukaa angani zaidi ya saa 16, na Desemba halifikishi saa 8. Mtu aliyeishi gizani miezi mitatu lazima achangamke mwanga ukirudi.

Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta. Tofauti kati ya siku yetu ndefu kuliko zote na ile fupi kuliko zote haifiki saa moja. Kwa hiyo mwanga si hadithi yetu. Kwetu kinachobadilika ni joto, unyevu, mvua na upepo, na watu wa pwani walishavipa majina zamani. Kuanzia Desemba hadi mwanzoni mwa Machi upepo wa kaskazi unavuma na joto linapanda. Machi hadi Mei ni masika, mvua ndefu. Juni hadi Agosti ni kipupwe, wakati wa baridi kidogo na upepo wa kusi. Oktoba hadi Desemba ni vuli, mvua fupi, kisha joto linarudi.

Ukisoma Dodoma au Mbeya, picha ni nyingine: mnapata msimu mmoja mrefu wa mvua, tangu mwishoni mwa mwaka hadi Aprili hivi. Na aliyekulia Njombe akisikia mtu wa Dar analalamikia baridi ya Julai atacheka. Basi usinakili misimu ya mwenzako. Andika ya mahali unapolala.

Joto linafanya nini kichwani

Nimesema unapolala makusudi, kwa sababu mambo mengi huanzia kitandani. Ili uingie kwenye usingizi mzito, mwili unatakiwa kupunguza joto lake la ndani kidogo. Unafanya hivyo kwa kutoa joto kupitia ngozi na jasho. Jasho linapoza pale linapokauka. Februari hewa ya pwani imejaa unyevu, usiku wenyewe joto linakaa karibu nyuzi 25, na jasho linabaki mgongoni badala ya kukauka. Unalala, unaamka, unageuza mto, unalala tena. Asubuhi umetimiza saa saba kitandani lakini hukupumzika. Julai usiku joto linaweza kushuka chini ya nyuzi 20, na saa zilezile saba zinakuwa usingizi kweli.

Mtu aliyelala vibaya bado anaweza kufanya kazi ya kurudiarudia: kupanga mafaili, kusahihisha tahajia, kujaza ankara. Kinachomshinda mapema ni kutulia na jambo moja kwa muda mrefu na kuunganisha vitu viwili visivyofanana, na ubunifu unahitaji hayo mawili. Ndiyo maana Februari unaweza kuwa bize siku nzima na jioni huna wazo hata moja. Hapo si mvivu. Unafanya kazi isiyo ya msimu huo.

Masika yana shida ya aina nyingine. Joto linapungua, ila mvua ikipiga bati huwezi kurekodi sauti, umeme unakatika katikati ya kazi, na Bonde la Jangwani likijaa maji foleni inageuka safari. Kwa anayerekodi, Aprili ni mwezi mgumu. Kwa anayeandika, Aprili ni dhahabu: hakuna anayekuita kijiweni na hakuna pa kwenda. Mvua ni ileile, kazi ndizo tofauti. Kwa hiyo swali la "msimu gani ni mzuri?" halina jibu mpaka useme unafanya kazi gani.

Tanga mbili

Wafanyabiashara wa baharini wa pwani hii waliishi kwa hesabu hiyo karne nyingi. Upepo wa kaskazi ulileta majahazi kutoka Arabuni, Ghuba na India. Upepo wa kusi uliyarudisha. Hakuna nahodha aliyekaa ufukweni Februari akijilaumu kwamba hana ari ya kwenda Muscat. Upepo haukuwa wa kwenda huko.

Kati ya pepo hizo mbili kuna kipindi ambacho upepo hauna msimamo, leo huku kesho kule. Kinaitwa tanga mbili. Vipindi vya kungoja havikuwa likizo. Chombo kilivutwa nchi kavu, mianya ya mbao ikajazwa kalafati, matanga yakashonwa, kamba zikabadilishwa. Upepo ulipokaa sawa, aliyeandaa chombo aliondoka. Asiyeandaa aliuona upepo mzuri ukimpita huku chombo chake kinavuja.

Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea kusoma mabadiliko ya msimu. Tunadhani Juni inaleta nguvu yenyewe. Juni inaleta usingizi na hewa nzuri tu. Anayefaidi ni yule ambaye Mei alishasafisha laptopu yake, alishaandaa sampuli za kazi, alishaandikia wateja, na ana mawazo kumi daftarini yanayosubiri. Mwingine atalala vizuri tu.

Azimio la kazi

Sisi wa ualimu tunafundishwa kuandaa azimio la kazi kabla ya muhula: mwezi, wiki, mada, zana, vipindi, maoni. Andalio la somo linatoka humo. Nilichofanya ni kuchukua jedwali lilelile na kuliwekea mwaka wangu wa kazi za kujitegemea. Nina safu tano: mwezi, hali ya hewa, ratiba ya chuo, ratiba ya wateja, aina ya kazi. Kwa mtu wa Dar linakaa hivi.

*Desemba hadi Februari.* Joto kali. Kazi nzito naiweka alfajiri, kati ya saa kumi na moja na saa tatu asubuhi, kabla chumba hakijachemka. Mchana ni wa kazi nyepesi: ankara, kupanga faili, kujifunza programu mpya, kusoma. Kuoga maji ya kawaida kabla ya kulala kunasaidia mwili kutoa joto, na feni isogezwe ikupige moja kwa moja. Bei na tarehe za kukabidhi kazi nazipanga nikijua kwamba nitakwenda polepole.

*Machi hadi Mei.* Masika. Kazi za kukaa chini: tafsiri ndefu, kuandika, kuhariri. Za kurekodi na kupiga picha nje nazisogeza. Kila faili linahifadhiwa sehemu mbili, na betri inajazwa kila umeme ukiwepo. Huu pia ni wakati wa kutafuta wateja, kwa sababu mwaka wa fedha wa serikali unaisha Juni 30, na ofisi nyingi zinazofuata kalenda hiyo zinahitaji ripoti, mabango na tafsiri kabla bajeti haijafungwa.

*Juni hadi Agosti.* Kipupwe. Hapa ndipo pa kubuni. Jambo jipya, mtindo mpya, kazi unayoiogopa, iweke hapa. Lakini wa ualimu tunajua Julai ina mitihani na baada yake tunakwenda mazoezi ya kufundisha, pengine wilaya ambako intaneti inapatikana ukipanda kilimani. Kwa hiyo kipindi chetu kizuri kweli ni kifupi, kama wiki tano sita. Kila wiki ya Juni unayoitumia kwa kazi ambayo ungeweza kuifanya Februari umeitupa.

*Septemba hadi Novemba.* Joto linapanda taratibu, vuli inaingia, chuo kinafunguliwa. Ni tanga mbili yenyewe. Kusafisha, kukarabati, kufuatilia malipo yaliyolala, kufuta mteja anayesumbua, kupanga bei za mwaka ujao.

Kwenye safu ya wateja kuna jambo dogo linaloumiza watu. Sisi hatubadilishi saa, Uingereza wanabadilisha. Mteja wa London akisema anataka kazi saa kumi na moja jioni ya kwao, wakati wa baridi yao kwako ni saa mbili usiku. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi hadi Jumapili ya mwisho ya Oktoba ni saa moja usiku. Umepoteza saa nzima na hakuna aliyekwambia. Wengi wao pia wanafunga tangu Krismasi hadi Mwaka Mpya, na Agosti wako likizo. Ukimya wa Desemba usiuchukue kama ushahidi kwamba hufai. Wamefunga ofisi.

Siku kumi kumi

Azimio bila kukaguliwa ni karatasi tu. Wazee wa pwani walikuwa na mwaka wa jua ulioanzia Nairuzi, na waliugawa kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi. Mkulima alijua mwongo wa kupanda, baharia alijua mwongo wa kuondoka. Mimi nimeazima hiyo. Kila baada ya siku kumi najaza mistari mitatu: nimelala vipi, nimefanya kazi gani, wazo lipi jipya limekuja. Dakika tano zinatosha. Wiki moja ni fupi mno kuona msimu, mwezi ni mrefu mno kurekebisha.

Ukishajaza miezi michache utaanza kuona mambo ambayo hakuna makala inayoweza kukwambia. Rafiki yangu mmoja anayechora amegundua kwamba vipindi vyake vizuri vinafuata kalenda ya hosteli. Chumba kikibaki na watu wawili badala ya sita, anachora. Kwake msimu ni likizo ya wenzake. Sawa kabisa, aandike hiyo kwenye azimio lake.

Niseme na hili. Msimu hauelezi kila kitu. Kama hewa imebadilika, unalala vizuri, na bado wiki zinapita huna hamu ya kazi, ya chakula wala ya watu, hilo halihitaji jedwali. Nenda ofisi ya ushauri nasaha, au zungumza na mtu unayemwamini. Kupanga kazi ni dawa ya kazi iliyopangwa vibaya, si dawa ya kila maumivu.

Kwa aliye salama, aanze wiki hii. Chukua karatasi moja, chora safu tano, na ujaze mwezi uliopo tu. Kisha jiulize: kazi niliyoishika leo ni ya msimu huu, au nailazimisha? Kama unailazimisha na mteja anaweza kungoja, mwandikie leo mkubaliane tarehe nyingine, na uchukue kwenye orodha yako ile kazi inayokubali hewa iliyopo.