Mtume wa Wahindu ni nani?

Jioni mabasi ya wafanyakazi yakitoka viwandani hapa Rusayl, dini nne tano zinateremka mlango mmoja. Watoto wetu wanasoma na watoto wa watu hao, na swali la kichwa cha habari nimeulizwa na wa kwangu.

Tatizo, swali lenyewe limekatwa kwa kipimo chetu. Uhindu hauna mtume wala mwanzilishi mmoja. Ubudha unaye, Gautama, ila wafuasi wake hawamwiti muumba. Na Kalasinga si Baniani aliyefunga kilemba, jamani! Guru Nanak, aliyezaliwa 1469, alifundisha Mungu mmoja, bila kuabudu masanamu.

Wakristo wanaojaa makanisa ya Ruwi na Ghala siku ya Ijumaa nao hawajaifuta Jumapili yao. Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko ya kazi.

Mimi humwanzishia mtoto nyumbani. Ibadhi anasali mikono imeshuka, Shafii kaifunga, na safu ni moja, Unguja na hapa. Akishaliona hilo, hatasema "Wahindu wote hawali nyama". Wengi wanakula kuku na samaki. Ng'ombe ndiye wengi wao hawamgusi. Ukimwalika jirani, muulize kabla hujapika pilau.