Midomo ya Mawe: Asili ya Sulisuli na Bahari Iliyozikwa Chini ya Lamu

Mvuvi wa Kizingitini anayetega jarife usiku wa kaskazi anamtambua sulisuli kwa mdomo wake kabla hajamwona samaki mzima. Mdomo ndio unaonasa kwenye matundu ya wavu, na mdomo ndio unaotupwa samaki akishafika pwani, maana hauna nyama. Kwa mtaalamu wa visukuku thamani imegeuka juu chini. Nyama huoza, mapezi husambaratika, pingili za uti wa mgongo hutawanywa na mawimbi, lakini ule mdomo ni mfupa mzito ulioshikamana na hudumu. Mengi tunayoyajua kuhusu nduaro na sulisuli wa zama za kale yamesomwa katika vipande vya midomo iliyogeuka mawe.

Mmoja wa wakongwe kabisa katika ukoo huu alipatikana Turkmenistan, nchi ambayo leo haina bahari kuu. Mwaka 2002 wataalamu wawili wa Urusi, Evgenia Sytchevskaya na Artyom Prokofiev, walitangaza jenasi mpya ya samaki mwenye mdomo mrefu uliochongoka, aliyeishi mwishoni mwa kipindi cha Paleosini, yapata miaka milioni 56 iliyopita. Wakamwita Hemingwaya sarissa. Sarissa ni ule mkuki mrefu wa askari wa Makedonia ya kale. Jina la kwanza ni la Ernest Hemingway, mwandishi wa Marekani ambaye kitabu chake cha mwaka 1952 kinamhusu mzee mvuvi na nduaro wake. Hemingway aliwahi kuwavua samaki hawa katika maji yetu: mapema mwaka 1934, baada ya safari yake ya kuwinda bara, aliteremka Malindi kuvua. Kwa hiyo jina la kisukuku cha Turkmenistan lina uhusiano fulani na pwani ya Kenya, ingawa waliolichagua huenda hawakuliwazia hilo.

Tarehe ya samaki huyu ina uzito. Miaka milioni 66 iliyopita kimondo kikubwa kilipiga dunia, dinosauri wakatoweka, na baharini pia viumbe wengi wakaisha. Miaka milioni 10 tu baadaye, kwa hesabu ya miamba muda mfupi sana, tayari kulikuwa na samaki mwenye mdomo wa mkuki. Bahari iliyoachwa wazi ilijaa haraka.

Usidhani, hata hivyo, kwamba wahenga wa sulisuli walifanana naye. Chukua Palaeorhynchus, jenasi iliyotoweka, inayojulikana hasa kutokana na mawe ya Glarus nchini Uswisi. Mwili wake ulikuwa mrefu na mwembamba, pezi la mgongo likienda karibu urefu wote wa mgongo, na pingili za uti wa mgongo zikifika 50 hadi 60. Sulisuli na nduaro wa leo wana 24 tu, na samaki-upanga, yule wa kina kirefu anayewindwa usiku, ana 26. Tofauti hiyo inaeleza namna ya kuogelea. Pingili nyingi huufanya mwili uyumbe wote kama wa mkunga. Pingili chache, kubwa, zilizopandiana na kukamatana, huufanya mwili kuwa mgumu, ili nguvu yote iende kwenye mkia. Mkimbiaji wa leo ametengenezwa kwa kupunguza mifupa.

Na taya nazo. Katika Palaeorhynchus, taya ya juu na ya chini zote mbili zilirefuka. Kwa sulisuli ni ya juu ndiyo iliyoipita ya chini kwa mbali, na ina vijino vidogo vinavyoifanya ikwaruze kama msasa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2014 na Paolo Domenici na wenzake ulionyesha jinsi anavyoitumia: huuingiza mdomo polepole katikati ya kundi la dagaa bila kuwashtua, kisha huufyatua ubavuni kwa kasi, au humgusa mmoja tu na kumyumbisha. Ni vigumu kumwona Palaeorhynchus akifanya vivyo hivyo na taya mbili ndefu zilizokabiliana. Naamini mdomo mrefu ulitangulia, na ustadi wa kupiga nao ukaja baadaye. Miamba haijatupa sababu ya kufikiri vingine.

Kwa muda mrefu wataalamu waliwaweka samaki hawa karibu na jodari, kwa sababu wote ni wakimbiaji wa bahari kuu. Vinasaba vimeuvunja undugu huo. Jamaa zao wa karibu zaidi wamo katika kundi la kolekole na, ajabu zaidi, gayogayo, yule samaki bapa anayelala mchangani macho yote upande mmoja.

Sasa turudi kusini. Wakati wa Eosini, kati ya miaka milioni 56 na 34 iliyopita, hapakuwa na ukuta wa nchi kavu kati ya Bahari ya Hindi na Mediterania. Bahari ya Tethys ilitanda kutoka huku hadi Ulaya, ikaendelea hadi Bara Arabu liliposogea kaskazini na kuufunga mlango wake, kazi iliyokamilika kati ya miaka milioni 20 na 14 iliyopita. Misri, katika miamba ya Eosini, vimepatikana vipande vya midomo ya Xiphiorhynchus, jenasi nyingine iliyotoweka. Samaki wa bahari kuu hawana mipaka. Sioni kilichowazuia jamaa zake kupita mbele ya pwani yetu.

Maji yenyewe tunayajua vizuri, shukrani kwa Kilwa na Lindi. Huko udongo wa Eosini uko juu ya ardhi, na kwa kuwa ni mfinyanzi usiopitisha maji, maganda ya foraminifera, viumbe vidogo kama punje ya mchanga, yamebaki angavu kama kioo. Mwaka 2001 Paul Pearson na wenzake waliyapima, wakaendelea kwa kuchimba visima vya utafiti wakishirikiana na Shirika la Maendeleo ya Petroli Tanzania. Kemia ya maganda hayo ilionyesha bahari yenye joto la nyuzi 30 za Sentigredi na zaidi. Lamu leo maji ya juu huwa kati ya nyuzi 25 wakati wa kusi na 29 hivi kuelekea mwisho wa kaskazi.

Lamu udongo huo upo pia, ila umezama. Mto Tana na mito iliyoutangulia imemwaga tope hapa kwa mamilioni ya miaka, na Bonde la Lamu lina tabaka zenye unene unaozidi kilomita 10 sehemu za baharini. Mawe yanayochongwa Maweni, Manda, kwa ajili ya kujengea nyumba ni matumbawe ya juzi tu kwa kalenda hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, watafutaji wa mafuta walitoboa kisima Pate kikafika zaidi ya mita 4,000 kabla ya kuishia katika miamba ya Eosini. Sakafu ya bahari ya wakati wa Xiphiorhynchus iko chini ya nyayo za watu wa Siyu na Faza kisiwani Pate, kina cha kushinda ukipanga minara thelathini na minane ya KICC ya Nairobi mmoja juu ya mwingine na zaidi.

Keekee husaga mwamba kuwa chengachenga. Mdomo wa samaki hauwezi kutoka mzima kwenye kisima cha namna hiyo. Lakini njia mbili ziko wazi. Ya kwanza inaanzia pwani, pale midomo inapotupwa. Mmarekani Harry Fierstine alionyesha kwamba kipande kilichovunjika kinaweza kutambuliwa kwa kupima kina, upana na mifereji ya ndani ya mfupa katika sehemu maalumu za mdomo, mradi kuwe na midomo ya samaki wa leo ya kulinganisha. Akiba ya aina hiyo inaweza kuwekwa Lamu kwa gharama ndogo mno, kila mdomo ukiandikwa samaki gani, urefu gani, alivuliwa wapi. Ingewafaa pia wanaochambua mifupa ya samaki kutoka miji ya kale kama Shanga, ambako Mark Horton alichimba miaka ya 1980.

Njia ya pili ni meno. Meno ya samaki ni magumu, na mengi ni madogo kiasi cha kuponea kwenye chenga. Elizabeth Sibert na Richard Norris mwaka 2015 walitumia vijino na magamba madogo ya papa kutoka sakafu za bahari kuu kuonyesha jinsi samaki wenye mifupa walivyoongezeka ghafla kuliko papa baada ya kile kimondo. Chenga za visima vya Bonde la Lamu zikichujwa na kutazamwa kwa darubini kwa nia hiyo, kinachotafutwa kingekuwa chembe ya jino isiyofika milimita moja.