Filimu ya mizimu: ya pili inaweza kushinda ya kwanza?

Mu makambi ya migodi, hii maneno inarudiaka kila fasi kwenye kuko televizyo na kle USB: filimu ya mizimu ikitoka mara ya pili, inafaa kuiangalia, ao ni kupoteza usiku bure? Wengi wanajibu mbio: "Ya kwanza njo filimu, zingine zote ni biashara." Sisi hatukubali vile kabisa. Tumechukua mifano tatu, mbili za Marekani na moja ya Nigeria, ili tuone fasi gani ya pili inashindwaka na fasi gani inashindaka. Na ndani ya ile mifano kuko maneno moja yenye kutugusa sana sisi watu wa mugodi: feza ya gafula inatokaka wapi, na nani anailipaka?

Juu ya nini ya pili inaangukaka

Filimu ya mizimu iko na shida yenye filimu ya bita haina. Woga unatokaka mu kitu chenye hatujaona. Mu ile ya kwanza, mulango unajifungua usiku na hatujui ni nani. Mu ya pili, tunajua tayari. Basi mwenye kuitengeneza anajaribu kuongeza: damu zaidi, makelele zaidi, mizimu kumi fasi ya mumoja. Ni kama kuendelea kuchimba shimo lenye mawe yameisha. Unashuka chini zaidi, lakini mufuko unapanda paka na udongo.

Mufano wa wazi ni *The Exorcist*, filimu ya William Friedkin yenye ilitoka mu mwaka wa 1973. Ni habari ya mutoto mwanamuke, Regan, mwenye kuingiliwa na pepo mu nyumba ya mama yake ku Washington. Watu wanakumbukaka kichwa chenye kugeuka na sauti ya pepo. Lakini angalieni vizuri: sehemu kubwa ya filimu ni mama mwenye kukimbiza mutoto wake ku madaktari. Wanamupima, wanamupima tena, hawaoni kitu. Mapadri wanakuja nyuma, wakati mama amechoka na njia zote. Woga wa ile filimu ni woga wa muzazi, na kila muzazi anaujua.

Mu 1977 wakatoa ya pili, *Exorcist II: The Heretic*, ya John Boorman. Ellen Burstyn, mwenye alicheza mama, alikataa kurudia. Nyumba ikabaki bila mama. Fasi yake wakatia mashini ya kuunganisha ndoto za watu, makundi ya nzige, na padri mwenye kusafiri mpaka Afrika kutafuta mutu mwenye pepo ile ile ilimusumbua wakati alikuwa mutoto. Afrika yenyewe, sehemu kubwa waliijenga mu studio. Mu masale ya sinema watu walicheka fasi yenye walipashwa kuogopa, na Boorman akalazimika kuikata upya. Vitu viliongezeka, lakini mutu wa kuhurumia alikosekana.

Na bado, ya tatu ya mu 1990 ilisimama vizuri zaidi. William Peter Blatty, mwandikaji wa kitabu cha kwanza, aliiongoza yeye mwenyewe. Alirudisha kimya. Kuko fasi moja ya koridori ya hospitali, usiku, infirmière anatembea anafunga milango, hakuna muziki. Wenye waliiona hawaisahau. Lakini wenye feza hawakuridhika. Walimulazimisha kutia ku mwisho vita ya padri na pepo, ili ifanane na ile ya kwanza. Njo vile inakuwaka: mara mingi ya pili ao ya tatu inaharibika juu ya kuogopa kuachana na ya kwanza.

Mujane, watoto wawili, na feza mu ukuta

Mufano wa pili ni wa kinyume. Mu 2014 ilitoka *Ouija*, ya Stiles White: vijana wa shule wanacheza na kibao cha herufi chenye watu wanaulizia wafu, kisha wanakufa mumoja-mumoja. Ilitengenezwa na dola karibu milioni 5, na ikaingiza zaidi ya milioni 100 mu dunia yote. Wenye kuchambua filimu waliisema vibaya, na tunaona walikuwa na haki. Wale vijana, hata majina yao mutu anayasahau mbele ya filimu kwisha.

Mu 2016, Mike Flanagan akatengeneza *Ouija: Origin of Evil*. Hakuendelea mbele, alirudi nyuma, mpaka 1967 ku Los Angeles. Humo kuko mama mujane, Alice, na watoto wake wanawake wawili, Lina na Doris. Bwana yake aliuawa na mutu mwenye kuendesha motokari na pombe. Banki inataka kuchukua nyumba. Alice anakulishaka watoto na kazi ya kusemesha wafu: watu wenye kilio wanakuja, wanalipa, na watoto wanajifichaka pembeni kutikisisha vitu. Ni udanganyifu, lakini yeye anajiambia kama anawatuliza watu moyo.

Kisha ananunua kibao kwa kuongeza mapato. Na Doris, ule mudogo, anaanza kusikia sauti kweli-kweli. Wasomaji wetu, angalieni kitu cha kwanza chenye mizimu inafanya mu ile nyumba. Hawakabi mutu koo. Wanamuonyesha mutoto fasi ya kujificha mu ukuta, na ndani muko feza. Deni la banki linalipwa. Mama anafurahi. Hakuna mwenye kuuliza ile feza ni ya nani.

Sisi tunasema ile dakika inaogopesha kupita macho meupe na vinywa vyenye kupanuka vyenye kufuata nyuma. Kila mama mwenye alishahesabu siku zenye kubakia mbele ya mushahara anaelewa juu ya nini Alice hakuuliza. Filimu ya pili iliingiza zaidi ya dola milioni 80, ni kusema chini ya ile ya kwanza. Lakini watu wengi wenye walisema vibaya ya kwanza walisifu ya pili. Basi feza ya mulangoni haipime uzuri. Ya pili ilishinda juu ilijiuliza swali lenye ya kwanza haikuuliza: ule muzimu, mbele ya kuwa muzimu, alikuwa mutoto wa nani?

Andy, Merit, na mutoto wa Andy

Sasa tukuje karibu na nyumba. Mu 1992, ku Nigeria, mufanya biashara Kenneth Nnebue alitoa *Living in Bondage*. Mwongozaji alikuwa Chris Obi Rapu. Ilichezwa mu luga ya igbo, na haikupita mu masale ya sinema. Iliuzishwa paka mu kaseti za video. Wengi wanaihesabu kuwa mwanzo wa Nollywood, na filimu nyingi za Nigeria zenye tunaangaliaka ku nyumba, za feza na kafara, zilifuata nyayo zake.

Habari yake munaijua, hata kama hamukuona ile kaseti. Andy Okeke haendelee mu maisha. Anaona warafiki wa umri wake wako na motokari, yeye hapana. Rafiki yake Paul anamupeleka mu kundi la siri. Wanamuambia: utapata butajiri, lakini utoe bibi yako mwenye unamupenda. Andy anajaribu kuwadanganya, analeta malaya mumoja, Tina, anasema njo bibi yake. Tina analita jina la Yesu, uongo unaonekana. Ku mwisho anamutoa Merit, bibi yake wa kweli. Merit anakufa. Feza inakuja. Na Merit pia anarudi, muzimu wenye kusimama mbele ya bwana yake wakati yeye anataka kufurahi.

Mu sehemu ya pili, ya 1993, Andy anapata wazimu, analala chini ya daraja, anakula mu takataka. Tina, sasa mutu wa kanisa, njo mwenye anamuokota. Hiyo ilikuwa kumaliza tu kile chenye kilianzishwa. Ya pili ya kweli ilingojea mpaka 2019: *Living in Bondage: Breaking Free*. Ramsey Nouah, mwenye tulizoea kumuona akicheza, aliiongoza. Ilikuwa kazi yake ya kwanza ya kuongoza. Kenneth Okonkwo na Kanayo O. Kanayo walirudia nafasi zao za zamani. Mu 2020 ilipata zawadi ya filimu bora kushinda zote mu Africa Magic Viewers' Choice Awards, na Nouah akapata ya mwongozaji bora.

Humo mwenye njaa ya maisha makubwa ni Nnamdi, mutoto wa Andy. Baba yake sasa anahubiri Neno la Mungu. Lakini mutoto anakutana na Richard Williams, mutu mwenye kuvaa vizuri na kusema polepole, mukubwa wa kundi lenye kuitwa The Six. Ku mwisho wa njia muko swali lile lile lenye waliuliza baba yake: mutu gani unamupenda? Hatutasema Nnamdi alijibu namna gani, juu wengine hawajaiona.

Hii ya 2019 inashinda ya 1992? Ku picha, ku sauti, ku uchezaji, inashinda bila mashindano. Ku huzuni, hapana. Muzimu wa Merit unaogopesha juu tulikaa naye mu nyumba na kuona alimuvumilia bwana yake wakati hakuwa na kitu. Hakuna mutu mu filimu mupya mwenye anatuumiza vile. Lakini ku swali, tunaipa ushindi ile ya pili. Ya kwanza ilituacha na baba mwenye kutubu, kama vile mambo yote yamekwisha. Ya pili inauliza: baba akitubu, ile njaa aliacha mu nyumba inaenda wapi?

Maneno yenye kutuhusu

Hapa kwetu ile habari ilikuta fasi tayari. Mbele ya kaseti za Nigeria, watu wa Lubumbashi walikuwa tayari wanatundika mu salon zao picha ya mamba muntu, mwanamuke nusu samaki mwenye kupa mwanaume butajiri kama anachunga siri. Wachoraji wa muji walizichora sana mu miaka ya 1970. Kwa hiyo tunajua ile filimu toka zamani; ilikuwa ku ukuta.

Njo maana hatuiangaliake bure. Shimo likianguka, ao mumoja akipata mawe ya bei na jirani akikosa, neno linatoka mbio: "Ametoa mutu." Na kisha ya neno, watu wanaanza kutafuta mulozi. Mara mingi macho yanaenda kwa mwenye hana nguvu: mujane, muzee mwanamuke, mutoto mwenye kukojoa ku kitanda ao kusema usiku.

Lakini hizi filimu zenyewe hazisemi vile. Mu *The Exorcist*, hakuna padri mwenye kumuita Regan mulozi. Wanakufa juu ya kumuokoa, na mama alianzia ku hospitali. Doris hakuleta kibao mu nyumba. Kililetwa na deni, na mukubwa alikubali feza bila kuuliza. Merit hakumuroga mutu. Aliuzwa na mwanaume mwenye akili zake zote. Kila mara mwenye kosa ni mukubwa mwenye alichagua, na mwenye kulipa ni mudogo.

Sheria ya inchi pia iko wazi. Katiba ya 2006, mu kifungu 41, inakataza kushitaki mutoto kwamba ni mulozi. Sheria namba 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009, yenye kulinda mutoto, inasema mu kifungu 160 kwamba mwenye kufanya vile atafungwa mwaka 1 mpaka 3, na kulipa faranga za Kongo 200 000 mpaka 1 000 000. Na shimo lenye kuanguka liko na sababu zake: mvua, udongo wenye kulegea, miti ya kushikilia yenye kukosa. Hizo njo za kutafuta kwanza.

Basi, baba na mama, ya pili ikifika mu kambi, muiangalie. Musihesabu mizimu ni ngapi. Muulizane, na watoto wakiwa pale: hii ya pili inajua kitu gani chenye ya kwanza haikujua? Kama hakuna jibu, muzime televizyo, ekipe ya asubui inaanza mapema. Kama jibu liko, mulizungumuze mbele ya kulala, ili mutoto asilale akiwaza kama mulozi ni bibi kizee wa jirani, ao kama ni yeye.