Pate kwa Miguu: Maji Ndiyo Hupanga Safari

Anayetaka kuvuka kisiwa cha Pate kwa miguu huniuliza kwanza habari za jua: litakuwa kali saa ngapi? Swali jema, ila si la kwanza. La kwanza ni mwezi uko siku ya ngapi. Katika visiwa vya Lamu, ajuaye tarehe ya mwezi mwandamo hujua maji yatajaa lini, na ajuaye hilo hujua chombo kitamshusha wapi, ataanza kutembea saa ngapi na atalala mji gani.

Hesabu yenyewe si ngumu. Mwezi unapoandama, na tena unapokuwa mpevu, maji huwa ya bamvua: hujaa sana karibu na saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa sana baina ya saa nne na saa tano, asubuhi na usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi, maana mwezi nao huchelewa kuchomoza kwa kiasi hichohicho. Ukifika mwezi saba au nane, maji huwa mafu. Hayajai sana wala hayapwi sana. Siku za bamvua, tofauti baina ya kujaa na kupwa huweza kufika mita 3. Kwenye gati hizo ni ngazi chache tu. Kwenye hori za Pate, ambako tope limelala sawasawa kama mkeka, bahari huondoka yote na kuiacha mikoko mizizi nje.

Kwa hiyo safari huanza kwa kungoja. Mashua za kutoka Amu, yaani Lamu mjini, hupita Mkanda, mlango mwembamba baina ya Manda na bara, ambao maji yakipwa haupitiki vizuri. Abiria wengi hushukia Mtangawanda, kwa kuwa Pate mjini chombo hakifiki ila maji yamejaa. Kutoka hapo ni mwendo wa saa moja hivi, kichakani na kwenye tambarare ambazo maji huzifunika na kuzifunua. Chukua fimbo, ujaribu tope kabla ya kukanyaga. Tazama pia mizizi ya mikoko: mstari wa unyevu ukiwa juu na bado unang'aa, maji ndiyo kwanza yameanza kutoka, nawe una nafasi. Usivue viatu hata tope likikushawishi, kwani chaza walioshika mizizi hukata kama wembe.

Mimi mwenyewe niliwahi kuhesabu vibaya kwa siku moja tu, upande wa Shanga. Nilikaa chini ya mti kutwa nzima nikiyangoja maji, chupa ya mwisho ikiwa tupu. Tangu hapo sitembei na chini ya lita 3 kwa mtu mmoja, kwa sababu visima vingi vya kisiwani vina maji ya chumvichumvi, na maji ya mvua yaliyohifadhiwa kwenye majabia ni akiba ya wenyeji, hayatekwi bila ruhusa.

Pate mjini, njia hupita katikati ya kuta za mawe za mji wa zamani wa masultani wa Kinabahani, na ndani ya kuta hizo watu wamepanda tumbaku. Hapo ndipo hatua ya kwanza inapoanzia: kilomita 8 hivi hadi Siyu. Si mbali, lakini vijia hugawanyika mara nyingi mno mashambani na hakuna kibao hata kimoja. Mahujaji wa Santiago kule Hispania hufuata alama za kombe kuanzia mwanzo hadi mwisho. Pate alama ni mtu. Mchukue kijana wa mji akupeleke, na mpatane malipo kabla ya kutoka.

Siyu lala siku mbili. Mji huu ulisifika kwa wanazuoni, kwa wanakili wa misahafu na kwa mafundi wa ngozi. Bwana Mataka, aliyeuongoza, alikataa kuinama mbele ya Sayyid Said wa Unguja, na mkewe, Mwana Kupona binti Msham, ndiye aliyemtungia binti yake utendi mashuhuri wa mwaka 1858. Ngome bado imesimama ukingoni mwa hori. Siku ya pili nenda Shanga na kurudi. Huko, katika miaka ya 1980, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine, mmoja chini ya mwingine, hadi ule wa miti wa karne ya 8. Mji ulihamwa mwanzoni mwa karne ya 15. Kwa maoni yangu hakuna mahali pwani hii panapoonyesha vizuri zaidi Uislamu wetu ulivyo wa kale, na wengi hupapita kwa mashua bila kujua.

Kutoka Siyu hadi Faza ni kama kilomita 10, na masikio nayo yana kazi. Amu njia ni "ndia". Pate na Siyu zina lahaja zao. Ukifika Faza umeingia kwenye Kitikuu cha Wabajuni, nawe utaomba watu wakuambie tena pole pole. Wareno waliiteketeza Faza mwaka 1587, ikajengwa upya. Hatua ya mwisho, hadi Kizingitini kwa wavuvi wa kamba, ni fupi.

Siku hizi pikipiki zingekumalizia safari yote kabla ya adhuhuri. Ziache kwa mgonjwa na mwenye mzigo. Epuka Aprili na Mei, masika yanaponyesha. Julai hadi Septemba upepo wa kusi hupoza njia. Vaa nguo ya kusitiri mabega na magoti, na kila mji uingiapo anza kwa salamu kwa wazee wa barazani, ndipo uulize pa kulala. Mashua ya kurudi Amu huondoka na maji, pengine saa tisa usiku. Ulizia saa yake jioni, kabla hujalala.