SMG ya zamani: unaweza kuimiliki? Na ukiikuta kwenye vitu vya marehemu ufanyeje?

Simu zimetuletea mengi. Kijana wa Maretadu akiwa na bando lake la usiku anaweza kumtazama mzee wa Marekani akisafisha bunduki ya Vita vya Pili vya Dunia, akiifunga mkanda mpya wa ngozi, huku akieleza ni wapi pa kupata mfuko wa magazini kwa bei nafuu. Baada ya hapo ujumbe huanza kuingia studio. Wengine wanauliza moja kwa moja: "Mtangazaji, na sisi tunaruhusiwa?" Wengine wanauliza kwa kuzunguka: kuna kitu kilibaki nyumbani mzee alipofariki, kimefungwa kwenye gunia, hakuna anayetaka kukigusa. Nitajibu yote mawili, ila hilo la pili ndilo lililonifanya niandike.

Tuanze na jina lenyewe, maana linachanganya watu. SMG ni kifupi cha jina la Kiingereza la bunduki ndogo ya rashasha. Ni fupi, inafyatua mfululizo ukikandamiza kidole, lakini risasi zake ni zile ndogo za bastola. Wajerumani waliingia vitani na ya kwao, MP 18, mwaka 1918. Waingereza walichelewa. Mwaka 1940 jeshi lao lilikimbia Ufaransa likaacha silaha nyingi ufukweni, na mwaka uliofuata wakatengeneza Sten: bomba la chuma, springi, vipande vya bati vilivyochomelewa, na magazini ya risasi 32 iliyochomoza ubavuni upande wa kushoto. Ilikuwa na sura mbaya, wenyewe waliitania kwamba ni kazi ya fundi bomba. Lakini ilikuwa rahisi, pauni 3 hivi kwa moja, na zikatengenezwa zaidi ya milioni 4. Baada yake ikaja Sterling, iliyopokelewa rasmi na jeshi la Uingereza mwaka 1953.

Wazee wetu wa KAR, waliopigana Ethiopia mwaka 1941 na kisha Burma mwaka 1944, walikuwa upande wa Waingereza hao. Ndiyo maana mazungumzo ya bunduki za zamani hayakosi mjukuu wa askari.

Sasa, ukisikia kwenye taarifa ya habari kwamba watuhumiwa wamekamatwa na "bunduki aina ya SMG", usidhani ni Sten. Hapa kwetu polisi na askari huita hivyo bunduki za jamii ya Kalashnikov, yaani AK-47 na ndugu yake wa Kichina anayeitwa Type 56. Hiyo ni silaha kubwa zaidi, risasi yake ni ya milimita 7.62 na ndefu kuliko ya bastola, na magazini yake ya kawaida hubeba 30. Wachina wenyewe waliipanga Type 56 kwenye kundi la SMG, na kwa kuwa China ilikuwa mlezi mkubwa wa jeshi letu kuanzia miaka ya 1960, naamini jina lilikuja pamoja na masanduku. Kwa hiyo mtu akikuambia "kuna SMG ya zamani", huenda anasema kitu cha mwaka 1942 au cha mwaka 1979. Kwa sheria jibu ni lilelile.

Jibu ni hapana. Raia hapewi leseni ya bunduki inayofyatua mfululizo.

Hili halikuamuliwa na Tanzania peke yake. Tarehe 21 Aprili 2004 nchi za Maziwa Makuu na Pembe ya Afrika, Tanzania ikiwemo, zilitia saini Itifaki ya Nairobi kuhusu silaha ndogo ndogo. Humo zilikubaliana kupiga marufuku kabisa raia kumiliki bunduki za rashasha. Nyumbani tuna Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani. Na kumiliki silaha bila leseni hakuchukuliwi kama kosa dogo la kulipa faini ukaondoka. Shauri lake hufunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi, lazima Mkurugenzi wa Mashtaka atoe kibali, na adhabu inaweza kufika kifungo cha miaka 20 au zaidi. Mahakama haiulizi kwanza kama bunduki ni nzuri, ina kutu, au ni ya ukumbusho.

Msikilizaji mmoja anaweza kusema: mbona yule mzee wa Marekani anayo? Anayo kwa sababu ya sheria za kwao, na hata kwao si mchezo. Tangu mwaka 1934 kila bunduki ya rashasha ya raia Marekani lazima isajiliwe serikalini na kulipiwa kodi ya dola 200, na wakati huo bunduki maarufu ya Thompson nayo iliuzwa karibu bei hiyohiyo. Mei 1986 wakafunga mlango kabisa: hakuna mpya inayoruhusiwa kusajiliwa kwa raia. Zilizobaki ni zilezile za zamani, zinauziana wenye pesa, na Thompson moja sasa hupita dola 20,000. Kwa hiyo ukisikia kwenye video neno "bei nafuu", mara nyingi anasema mkanda, mfuko wa turubai au kopo la mafuta, si bunduki. Uingereza wana njia nyingine: bunduki huuawa kabisa, mtutu ukazibwa na sehemu za ndani zikachomelewa, ikapewa hati, kisha mtu akaitundika ukutani kama picha.

Usijaribu kuagiza ya namna hiyo kwa mtandao. Kuingiza silaha nchini, au hata kipande cha silaha, kunahitaji kibali, na hati ya Uingereza haimfungi afisa wa forodha wa Tanzania. Bandia ya mbao au plastiki iliyopakwa rangi nayo inaweza kukuponza. Askari anayekutana na wewe usiku njia ya Haydom hana muda wa kuigonga ajue ni mninga.

Wapo wenzetu wenye leseni halali, wengi wao wakiwa na shotigani kwa ajili ya kulinda mifugo au mali. Hao nao huuliza namna ya kuitunza kwa gharama ndogo. Kitu cha kwanza cha kutumia pesa ni kasha la chuma, si urembo. Fundi wa kuchomea anayetengeneza milango anaweza kukutengenezea: bati nene, bawaba za ndani, kufuli mbili, na matundu ya kulifunga kwa nati kwenye ukuta au sakafu ili mwizi asilibebe lote. Risasi ziwe na kisanduku chake mahali pengine. Baada ya hapo ni fimbo ya kusafishia mtutu, vitambaa vya pamba na mafuta mepesi ya mashine. Ukungu wa nyanda zetu za Mbulu unaleta kutu haraka, hasa kwenye mfuko wa ngozi, kwa hiyo usiihifadhi ndani ya mfuko muda mrefu. Mkanda wa begani anaweza kuushona fundi viatu. Usikate mtutu, usiguse namba iliyochongwa kwenye chuma, na usikubali fundi yeyote "aiboreshe". Gobole nalo ni silaha, linahitaji leseni kama nyingine, hata kama lilitengenezwa na mhunzi wa kijijini.

Anayetaka kuomba leseni kwa mara ya kwanza huanzia serikali ya kijiji, maana lazima wanaokufahamu waseme wewe ni mtu wa namna gani, kisha faili hupanda polisi wilayani hadi juu kwa Msajili wa Silaha.

Twende sasa kwenye lile gunia.

Silaha zilibaki majumbani kwa njia nyingi. Wapo wazee waliokuwa na leseni ya bunduki ya kawaida tangu enzi za mkoloni, wakafariki, na familia ikaendelea kuiweka bila kujua karatasi imekufa pamoja na mzee. Zipo zilizozagaa baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979, hasa mikoa ya ziwa, zikauzwa na kuhamishwa kama bidhaa nyingine. Na wapo walioificha ya jamaa aliyekimbia. Vyovyote ilivyofika, mjane au mtoto anayekaa nayo leo ndiye anayehesabiwa kuwa nayo.

Hapa kuna jambo ambalo koo nyingi hukosea. Wakati wa kugawa mirathi, bunduki haigawiwi kama ng'ombe. Leseni ilikuwa ya mtu, si ya boma. Hata kama kikao cha ukoo kimekubaliana kwamba kifungua mimba achukue bunduki ya baba, na muhtasari mkaandika vizuri, kuichukua tu na kwenda nayo ni kosa. Njia sahihi ni familia au msimamizi wa mirathi kutoa taarifa polisi, bunduki ikahifadhiwe kwenye ghala lao, na mtoto anayeitaka aombe leseni kwa jina lake mwenyewe. Akikosa sifa, inabaki kwa serikali. Hii inahusu bunduki za kawaida zilizokuwa na leseni. Ile ya rashasha haina mrithi.

Najua kinachowazuia watu ni hofu. Wengi wanakumbuka Operesheni Tokomeza ya mwaka 2013, iliyoanza kama vita dhidi ya ujangili ikaishia kusitishwa kwa malalamiko ya wananchi kuteswa, hadi mawaziri wanne wakaondoka Desemba ya mwaka huo. Mtu aliyeyasikia hayo hawezi kuambiwa tu "peleka polisi" akaondoka na amani. Lakini gunia darini halikupunguzii hatari. Siku mtoto wa jirani atakapoliona, au mgomvi wa mpaka wa shamba atakapopeleka taarifa kabla yako, maelezo yako yatakuwa mazito kuaminika.

Kwa hiyo fanya hivi. Kwanza usiiguse, na waondoe watoto. Bunduki kama Sten zina hatari ya pekee: ndani kuna chuma kizito kinachosukumwa na springi, na kikijirudisha nyuma kidogo kwa kishindo kisha kikaachia, hufyatua risasi bila kidole cha mtu. Askari wa vita vile walijeruhiwa kwa kuiangusha chini tu. Kutu na miaka 80 ya gunia haviifanyi kuwa salama zaidi. Usichomoe magazini, usivute chochote uone kama "bado inafanya kazi". Risasi za zamani usizichome moto wala kuzitupa chooni au mtoni.

Pili, usiibebe. Hili nalirudia hewani mara kwa mara kwa sababu mtu mwema anaweza kukamatwa akiwa kwenye bodaboda, silaha ndani ya kiroba, akiwa kweli anaelekea kituoni. Nani atamwamini? Mwite mwenyekiti wa kitongoji au wa kijiji na mtu mmoja mzito wa ukoo, waone mahali kilipo bila kukishika. Kisha wao na wewe mpigie polisi kata, au namba 112 ambayo ni ya bure, mwaombe waje wenyewe. Andikeni saa mliyopiga. Kama una wasiwasi mkubwa, mchungaji, padri au shehe anaweza kuwa shahidi wa tatu, na mwanasheria au msaidizi wa kisheria ni bora zaidi.

Tatu, wakiichukua, ombeni karatasi yenye aina ya silaha, namba yake kama inasomeka, idadi ya risasi, tarehe, jina na namba ya askari. Aliyesalimisha na mwenyekiti kila mmoja abaki na nakala. Leseni ya marehemu, hata kama imechakaa, msiitupe. Ndiyo inayoonyesha mzee wenu alikuwa na haki.

Kuna wakati mzuri zaidi wa kufanya hivi. Umoja wa Afrika umeuweka Septemba kuwa mwezi wa msamaha wa kusalimisha silaha, mpango ulioongezwa hadi mwaka 2030, na Tanzania imewahi kutangaza msamaha wa aina hiyo, ikiwemo mwaka 2022. Ndani ya muda uliotangazwa na Wizara ya Mambo ya Ndani, anayesalimisha kwa hiari hashitakiwi kwa kuwa nayo. Tangazo huwa na tarehe ya kuanza na ya kuisha, na nje ya tarehe hizo msamaha haupo, kwa hiyo likitoka tutalisoma katika taarifa ya asubuhi na ya jioni.

Na kwa mjukuu wa askari wa KAR anayetaka kitu cha kushika mkononi: medali za babu, kitabu chake cha malipo, kofia, picha na barua havihitaji leseni. Medali isisuguliwe kwa mchanga, kitambaa kikavu kinatosha. Barua zipigwe picha kwa simu zikiwa juu ya meza yenye mwanga wa dirisha, maana mchwa hawajui historia. Na kama kuna mzee au bibi anayejua babu alipelekwa wapi na alirudi mwaka gani, rekodi ya sauti ya simu inatosha. Ukiiandaa, tutumie studio.