Mashua ya Babu: Jinsi ya Kufufua Kitu cha Kale

Huenda umewahi kuona mashua ndogo ya mfano ndani ya kabati la kioo, ukadhani ni pambo tu. Hii ninayotaka kukueleza si pambo. Ni mashua ya mbao yenye urefu wa sentimita 86, ina mota, ina usukani unaogeuka, na huongozwa kwa redio na mtu aliyesimama ufukweni. Ni mali ya Babu. Kwa zaidi ya miaka 20 ilikaa juu ya kabati la nguo, imefunikwa gunia, wala hakuna aliyeijali. Likizo ya Agosti iliyopita niliifufua. Katika makala haya nitaeleza nilivyofanya, na pia nitaungama kosa langu, maana kwa hakika nilijifunza zaidi katika kosa kuliko katika kazi yenyewe.

Kwanza tujue asili ya vyombo hivi. Mwaka 1898 mvumbuzi Nikola Tesla aliwashangaza watu katika ukumbi wa Madison Square Garden, mjini New York, alipoendesha kijimeli majini bila waya wowote. Novemba mwaka huo huo alipewa hataza ya uvumbuzi wake nchini Marekani. Baadaye ukawa mchezo wa watu wa kawaida. Nchini Uingereza, miaka ya 1950 na 1960, kampuni ziliuza mashua zikiwa vipande vya plaiwudi ndani ya boksi pamoja na mchoro wa kuziunga. Nyingine ziliigwa kutoka boti halisi. Hii ya Babu imeigwa boti za uokoaji za jeshi la anga la Uingereza, zilizokuwa zikikimbia baharini kuwaokoa marubani ambao ndege zao zimeanguka majini.

Babu alikuwa seremala katika karakana moja ya bandarini hapa Mombasa. Mwaka 1974 injinia mmoja Mwingereza aliyekuwa akirudi kwao alimwachia mashua hiyo. Babu aliichezesha miaka mingi, mpaka mikono ikaanza kutetemeka.

Sasa, kwa nini nikaanza kazi hii? Sababu ni kuhama. Kodi ilipanda, nasi ikabidi tutafute nyumba ndogo zaidi. Jioni moja Baba alichukua daftari akagawa kurasa tatu: vitu vya kwenda, vya kuuza na vya kutupa. Mashua aliiandika katika ukurasa wa kuuza, kwa ajili ya shaba iliyomo katika mota. Babu alikuwa ameketi barazani akisikia yote. Akauliza huku anacheka, "Na mimi nimeandikwa ukurasa gani?" Baba naye akacheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilikuwa nimeshasikia wakizungumza kama Babu apelekwe shamba kwa shangazi. Nikamwomba Baba anipe mashua mpaka mwisho wa likizo. Ikienda majini, ibaki. Isipoenda, iuzwe. Akakubali.

Hatua ya kwanza: mbao. Mimi nilikuja mbio na msasa mkononi. Babu akanizuia. "Sikiza kwanza," akasema, na alikuwa na maana hiyo hasa. Alinipa bisibisi, akaniambia nigonge kwa mpini wake kila mahali, polepole. Mahali pazima pakalia ko! ko! kama mlango. Mahali palipoachana pakatoa sauti nzito, kama debe lililojaa. Kumbe plaiwudi yenyewe ilikuwa nzima, ila gundi ya kale ilikuwa imekauka ikawa kama biskuti, na ubao ukaachana na mataruma mahali pawili karibu na tezi. Hapo ndipo nilipojifunza kuwa mashua ya mfano ina majina yale yale ya jahazi: mkuku chini, mataruma pembeni, omo mbele, tezi nyuma.

Msomaji, usipake gundi mpya juu ya gundi ya kale, haitashika. Nilikwangua ile ya zamani kwa kisu chembamba, nikatia gundi ile inayochanganywa kutoka mirija miwili, kisha nikafunga kwa vipande vya tyubu ya baiskeli kwa saa 24. Halafu ndipo nikapiga msasa kufuata nyuzi za mbao. Ndani nilipaka vanishi, kwa sababu maji yakiingia hata kidogo yatakaa ngamani na kuozesha ubao kutoka ndani. Nje nilipaka rangi nyembamba mara tatu, nyeusi juu na nyekundu chini, kama ilivyokuwa. Mpaka wa rangi hizo mbili nilichunga usisogee. Wakati huo nilidhani ni urembo tu.

Hatua ya pili: umeme. Kipokezi cha redio kilikuwa na betri nne ndogo za nikeli na kadmiamu, kila moja volti 1.2, jumla volti 4.8. Zilikuwa zimevuja na kuacha unga mweupe. Wanafunzi wenzangu wa Kemia, huu unga hutokana na alkali, na dawa ya alkali ni asidi hafifu. Nilivaa glavu, nikausugua kwa pamba iliyotiwa siki, kisha nikafuta kwa spiriti mpaka shaba ikang'aa. Glavu ni lazima, maana kadmiamu ni sumu, na betri za namna hiyo hazifai kutupwa jalalani.

Redio yenyewe hufanya kazi hivi. Kirusha mawimbi kilichoko mkononi hutuma mawimbi ya megahezi 27. Ndani ya mawimbi hayo mna midundo mifupi, kama mara 50 kila sekunde. Mdundo wa milisekunde 1.5 unauambia usukani ukae katikati. Ukipungua kuelekea 1 unageuka upande mmoja, ukiongezeka kuelekea 2 unageuka upande wa pili. Anayeugeuza ni kijimota chenye gia kiitwacho sevo. Nilipotia betri mpya, Babu alishika kirusha mawimbi kwa mikono yake miwili inayotetemeka, akasukuma kijiti. Usukani ukageuka! Babu hakusema neno. Alirudia kuusukuma kama mara kumi hivi.

Hatua ya tatu: uzito, na hapa ndipo penye kosa. Mota ilitumia betri kubwa ya pikipiki, ya volti 6, iliyolala katikati chini kabisa. Ilikuwa imekufa zamani. Niliipeleka dukani wakaniwekea kwenye mizani: kilo 1.8. Nikaona ni mzigo wa bure. Fundi wa simu akaniuzia betri ya lithiamu ya volti 7.4 ambayo haikufika gramu 200. Nikafurahi sana. Mashua nyepesi, nguvu zaidi, nani asiyetaka? Babu alisema tungoje Jumamosi tuijaribu kwanza katika karai. Mimi sikungoja. Alasiri ya Alhamisi, Babu alipokwenda msikitini, niliichukua na rafiki yangu tukashuka nayo hadi mkondo wa Tudor.

Mashua iliondoka kama mshale. Nilipoigeuza kwa kasi ililala ubavu, ikapinduka, ikabaki mkuku juu. Rafiki yangu aliogelea akaileta. Maji ya chumvi yalikuwa yamejaa tele. Niliisuuza kwa maji baridi ya bombani haraka, nikaianika kivulini siku mbili, maana chumvi ndiyo inayokula waya. Mota ikapona, sevo ikapona, lakini kipokezi cha Babu, kilichodumu tangu 1974, hakikuamka tena. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Nilimwendea Babu nikamweleza yote. Nilitarajia anigombeze. Aliuliza swali moja tu: "Uliondoa nini?" Nikajibu, betri iliyokufa. Akasema, "Umeme ndio uliokufa. Uzito wake ulikuwa ungali kazini."

Tuliileta karai, tukaitia mashua ndani, naye akanionyesha ule mpaka wa rangi niliodhani ni urembo. Ulikuwa umesimama karibu sentimita 1 juu ya maji. Wenzangu wa Fizikia mnakumbuka kanuni ya Archimedes: kinachoelea husukuma maji yenye uzito sawa na wake. Nilipopunguza zaidi ya kilo 1.6, mashua ilipanda. Na kwa kuwa uzito huo ulikuwa chini kabisa, kitovu cha uzito nacho kilipanda, chumba cha juu kikaelemea, ikawa tayari kupinduka. Mwenye kuichora mashua hii aliihesabu betri nzito kuwa sehemu ya mashua.

Dawa ilikuwa rahisi. Tulinunua chubwi, yaani vile vipande vya risasi ambavyo wavuvi hutia kwenye mishipi, tukavipanga mahali pa betri ya kale, kimoja kimoja, mpaka maji yakagusa mpaka wa rangi pande zote. Kisha tukavifunga imara visihame. Kipokezi kipya cha gigahezi 2.4 na kirusha mawimbi chake tulipata vya mtumba. Kile cha zamani kimo ndani ya boksi, sikukitupa.

Jumapili ya mwisho ya likizo tulishuka wote hadi mkondoni. Babu aliishika rimoti. Mikono ilitetemeka, na mashua nayo ikaenda ikiyumba kidogo, lakini ilikata maji, ikageuka, ikarudi hadi miguuni pake. Baba alitazama kimya. Usiku alifungua lile daftari akafuta mstari mmoja. Habari za shamba kwa shangazi sikuzisikia tena.

Wenzangu, watu husema ya kale ni dhahabu. Mimi sisemi hivyo. Nyingine ni kutu tu, na zile betri zilizovuja zilistahili kuondolewa. Ninachosema ni kuwa kabla hujaondoa kitu cha kale, gonga usikilize, pima uzito wake, kisha uulize kilikuwa kikifanya kazi gani. Aliye na jibu pengine ameketi barazani, anangoja kuulizwa.

Tulihama mwezi wa Septemba. Pikapu ilijaa vitanda na masufuria. Mashua haikuwekwa nyuma pamoja na vitu vingine. Babu aliipakata mbele, karibu na dereva.