Chanjo ya UKIMWI: kwa nini miaka 40 haijatosha?

Swali hili hutufikia mara kwa mara, hasa kutoka kwa vijana, na ni swali la haki. Ikiwa chanjo ya UVIKO-19 ilipatikana kabla ya mwaka kutimia, imekuwaje virusi vya UKIMWI (VVU), vilivyotambuliwa mwaka 1983, havina chanjo hadi leo? Wapo wanaojibu upesi kwamba chanjo ipo ila imefichwa. Sisi hatukuona ushahidi wa dai hilo. Tulichokiona ni adui mwenye hila nyingi, na watafiti walioshindwa hadharani zaidi ya mara moja.

Kwa desturi chanjo huuonesha mwili sura ya adui, nao mwili ukatengeneza kingamwili, yaani protini zinazokinasa kirusi kabla hakijaingia ndani ya seli. Kwa surua njia hii yatosha. VVU havina sura moja: hukosea kila vinapojinakili, na kila kosa huwa vazi jipya. Tena hujifunika sukari zinazotengenezwa na miili yetu wenyewe, hata walinzi wa mwili wakavidhania ni wenyeji. Vikishapenya, hujichomeka katika vinasaba vya seli na kufanya makazi humo.

Lakini ganda lao lina sehemu chache zisizoweza kubadilishwa ovyo, hususan pale vinapojishikiza kwenye seli za kinga ziitwazo CD4. Ufunguo ukichongwa meno mengine, kufuli halifunguki. Miongoni mwa wanaoishi na VVU wako wachache ambao, baada ya miaka kadhaa, miili yao hutoa kingamwili zinazolenga sehemu hizo na kuzuia aina nyingi mno za virusi kutoka pande zote za dunia. Hizi huitwa kingamwili za upeo mpana. Mwaka 2009 zilitangazwa mbili, PG9 na PG16, zilizopatikana katika damu ya Mwafrika mmoja. Mwaka uliofuata ikatangazwa VRC01 huko Marekani, ambayo maabara ilizuia takriban asilimia 90 ya aina zilizopimwa.

Ajabu ni kwamba kwa kawaida aliyezitoa hazimponyi, kwa kuwa virusi vilivyomo mwilini mwake vimekwisha kujibadili na kuzikwepa. Yeye huendelea kuhitaji dawa. Tungependa msomaji atue hapa kidogo. Watu wanaonong'onwa mitaani mwetu, ambao sahani na vikombe vyao hutengwa jikoni (bila sababu yoyote, maana VVU haviambukizi kwa vyombo), ni wenzao waliojitolea damu hiyo, na elimu iliyofuata ilichotwa humo.

Je, kingamwili hizo ziwekwe mwilini moja kwa moja? Lilijaribiwa. Watu zaidi ya 4,600, wakiwemo wanawake wa Tanzania na Kenya, walitundikiwa dripu kila baada ya wiki 8, wengine ya VRC01 na wengine ya maji yasiyo na dawa. Matokeo yalitoka mwaka 2021: kwa jumla maambukizi hayakupungua. Hata hivyo, kwa aina za virusi zilizo dhaifu mbele ya VRC01, kinga ilifikia takriban asilimia 75. Shida ni kwamba aina hizo zilikuwa kama asilimia 30 tu ya zilizokuwa zikizunguka.

Njia ya pili ni kuufundisha mwili uzitengeneze wenyewe. Hapo hali ni kama madrasa: mtoto hapewi msahafu siku ya kwanza, huanza na alifu. Seli zinazoweza hatimaye kutoa kingamwili hizo ni nadra sana, hivyo chanjo ya kwanza kazi yake ni kuziamsha, na zinazofuata kuzikuza darasa kwa darasa. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2022, seli hizo ziliamka kwa watu 35 kati ya 36 waliochanjwa. Rwanda na Afrika Kusini zikafuata kwa teknolojia ya mRNA, na matokeo ya mwaka 2025 yakatia moyo, ingawa katika jaribio sambamba huko Marekani baadhi ya waliochanjwa walipata vipele na mwasho wa ngozi. Ieleweke kwamba kuamka si kukingwa. Hilo ni darasa la kwanza tu. Na mwaka huohuo Marekani ilikata fedha za sehemu kubwa ya utafiti huu.

Chanjo za njia nyingine zimekwama: Afrika Kusini jaribio lilisitishwa mwaka 2020, na jingine lililohusisha Uganda, Tanzania na Afrika Kusini likasitisha uchanjaji mwaka 2023.

Kwa hiyo anayepita mlangoni akiuza sindano ya chanjo ya UKIMWI anauza uongo. Anayetumia dawa za kufubaza virusi asiziache kwa kusubiri habari hizi. Hutolewa bure katika vituo vya serikali, na akizitumia sawasawa hadi virusi visionekane katika vipimo, hamwambukizi mwenziwe wa ndoa. Wachumba wanaoleta majibu ya vipimo kabla ya nikaha, nao wazazi wao, walijue hili pia.